Michezo ndani ya kalasi: namna watoto wa mwaka wa kwanza na wa pili wanajifunza kwa kucheza

Kalasi ya mwaka wa kwanza ikipiga kelele, direkta aliye ofisini na mzazi anayepita njiani wanajiuliza swali moja: mwalimu yuko wapi? Butembo na Beni, jibu linaweza kuwa hili: mwalimu yuko katikati ya hiyo kelele, na ni yeye ameianzisha. Watoto wako wanauziana viazi vya mawe, wako wanaruka juu ya herufi zilizochorwa chini, ao wanapiga makofi kwa kila silabi ya jina lao. Somo linaendelea.

Namna hiyo ya kufundisha inaitwa kujifunza kwa kucheza. Wengi wanaichanganya na rekreasio, wakati ambapo mwalimu anapumzika na watoto wanakimbia kiwanjani. Tofauti inaonekana kwa mambo matatu. Kwanza, kabla mchezo haujaanza, mwalimu anajua ni kitu gani mtoto atakuwa amekijua ukiisha: kutoa tatu kwenye kumi, kutofautisha «ba» na «da», kupanga vitu toka kidogo hadi kikubwa. Pili, mtoto mwenyewe anafanya kazi kwa mikono na kwa mdomo, anakosea, anarudilia. Tatu, mchezo ukiisha kuna dakika chache za kuongea: umefanya namna gani, juu ya nini umeshinda, andika sasa kwenye tablo. Mchezo usio na mambo hayo ni mchezo tu, na mzazi anayelalamika kwamba mtoto wake anapoteza wakati ana haki ya kulalamika.

Wazo lenyewe si jipya. Mwaka 1837 Mjerumani Friedrich Fröbel alifungua mjini Bad Blankenburg mahali pa watoto wadogo ambapo vitu vya kuchezea ndivyo vilikuwa vyombo vya masomo. Shule za maternele za leo zimetoka huko. Mwaka 1907 daktari Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa maskini wa Roma. Mwaka huohuo, Brussels, daktari mwingine, Mbelgiji Ovide Decroly, alifungua shule yake na kutumia michezo ya kufundishia. Inashangaza kidogo: Wabelgiji ndio walitawala Kongo, lakini wazee wetu waliosoma wakati ule wanakumbuka zaidi tablo, fimbo na kurudilia kwa sauti moja. Hata hivyo, kucheza ili kujifunza kulikuwa hapa kabla ya shule. Vitendawili vya jioni karibu na moto vilifundisha mtoto kusikiliza na kufikiri haraka, na hakuna aliyeviita masomo.

Upande wa sheria, Kongo ilikubali mwaka 1990 Mapatano ya Kimataifa ya Haki za Mtoto, na kifungu cha 31 cha mapatano hayo kinampa mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Tuache sheria, twende kalasini.

Tuchukue hesabu. Butembo ni mji wa biashara, na mtoto wa miaka sita hapa ametumwa dukani mara nyingi. Anajua noti ya franka 500, anajua kwamba akinunua chumvi ya 300 lazima arudishe 200 nyumbani, na akipoteza moja anajua pia kitakachomfikia. Mtoto huyohuyo anasimamishwa mbele ya tablo, anaulizwa tano kutoa tatu, ananyamaza. Mwalimu anaandika kwamba mtoto hajui hesabu, wakati kitu asichokijua ni zile alama tu. Jambo hili lilichunguzwa mjini Recife, inchini Brazili, na watafiti waliotangaza matokeo yao mwaka 1985. Watoto waliouza vitu barabarani walijibu vizuri karibu hesabu zote walipoulizwa kama wateja wanavyouliza, maswali 98 kwa 100. Hesabu za namna hiyo zilipoandikwa kwenye karatasi, bila nazi wala ndimu ndani yake, walipata 37 kwa 100.

Mchezo wa soko unashika pale. Mwalimu anagawa vifuniko vya chupa za soda, kila kifuniko ni franka 100. Benchi moja wanauza: mawe ni viazi, majani ni sombe, vijiti ni miwa. Benchi ya pili wananunua. Kila muuzaji anapewa bei, na mnunuzi anaondoka tu akiisha kusema alikuwa na ngapi, ametoa ngapi, amebaki na ngapi. Kisha, na hapa ndipo walimu wengi wanasahau, mtoto mmoja anakuja kwenye tablo kuandika kile alichofanya sokoni: 5 – 3 = 2. Bila hatua hiyo mtoto anabaki muuzaji hodari na alama zinabaki ugeni kwake.

Kuko pia mchezo wa mawe ambao wasichana wanaujua vizuri kuliko mwalimu. Wanachimba shimo dogo, wanatia mawe kumi, mmoja anarusha jiwe juu, na kabla halijaanguka anavuta mengine toka shimoni, kisha analidaka. Mwalimu anaongeza kitu kimoja tu: kabla ya kurusha tena, mchezaji aseme yametoka mangapi, yamebaki mangapi. Akikosea hesabu anapisha mwenzake, hata kama alidaka vizuri. Nzango, mchezo wa miguu na makofi unaochezwa Kongo nzima, unaweza pia kuhesabiwa pointi kwenye tablo, timu mbili, na kalasi nzima inataka kujua nani anaongoza na kwa pointi ngapi. Kujua «kwa ngapi» ndiyo kutoa kwenyewe.

Kwa kusoma, mchezo unaotumika kwa urahisi ni ule wa miraba. Watoto wanauchora wenyewe chini kila siku ili kuruka kwa mguu mmoja. Mwalimu anaandika silabi ndani ya kila mraba: ma, me, mi, mo, mu. Anaita «mo», mtoto anaruka. Anaita «mo-mi», mtoto anaruka mara mbili na kalasi inaangalia kama amepita sawa. Siku nyingine ni watoto wanaoita, na mwalimu ndiye anaruka, tena anakosea kwa kusudi ili wamsahihishe. Watoto hawasahau siku ile.

Yote haya yanasimama juu ya lugha. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali kufundisha kwa lugha za taifa ao lugha za mazingira, na katika miaka ya kwanza ya shule ya msingi, upande wetu, lugha ya kalasi ni Kiswahili. Lakini mtoto anayetoka kijiji cha Lubero anaingia shuleni na Kinande tu. Ukimuita mbele kujibu kwa Kiswahili, anaangalia miguu yake. Katika mchezo anafuata wenzake, anashika «nipe», «rudisha», «zamu yako», na baada ya wiki kadhaa maneno yanatoka bila kulazimishwa. Shule zinazokimbilia Kifaransa toka siku ya kwanza, juu ya kuwapendeza wazazi, zinapoteza njia hiyo: hakuna mtoto wa miaka sita anayeweza kucheza vizuri katika lugha asiyoisikia.

Sasa lile swali ambalo kila mwalimu anauliza: kwa watoto wangapi? Toka Septemba 2019, masomo ya msingi kwenye shule za serikali ni ya bure, kama kifungu cha 43 cha Katiba kinavyosema. Watoto waliokuwa nyumbani juu ya kukosa pesa waliingia, na hilo ni jambo jema, lakini vyumba havikuongezeka kwa mwendo ule. Butembo na Beni kuna kalasi ambamo watoto wanne ao watano wanabanana kwenye benchi moja, na ukuta wa mbao ndio unawatenga na kalasi ya pili. Mchezo uliotengenezwa kwa watoto ishirini unaharibika hapo.

Walimu wanaoendesha michezo katika kalasi za namna hiyo hawachezeshi wote mara moja. Nusu inanakili kwenye kaye, nusu inacheza, kisha wanabadilishana. Kila benchi ina kiongozi wake, anayebadilishwa kila wiki ili asijifanye direkta mdogo. Alama ya kunyamaza, makofi matatu ao mkono juu, inafundishwa siku za kwanza kabla ya mchezo wowote, na inarudiliwa mpaka izoeleke. Muda ni dakika kumi na tano, si zaidi; zikipita hapo, kelele inabaki na somo linaondoka. Mvua ikinyesha juu ya mabati, hakuna anayesikia mtu, na siku hiyo ni kuandika tu. Tusidanganyane pia: mwalimu mwenye watoto wengi hivyo, na mshahara usiofika kwa wakati, akichagua tablo na kurudilia, anachagua kitu anachoweza kukimaliza akiwa bado na sauti.

Wazazi wengi hawaamini. Jioni wanafungua kaye, wanahesabu kurasa. Kaye iliyojaa ni alama ya mwalimu anayefanya kazi, na iliyo wazi ni alama ya mvivu. Jirani ana mtoto katika shule ya binafsi ambaye ameandika kurasa tatu za herufi «a», basi mashindano yanaanzia pale. Lakini kujaza kaye na kusoma ni vitu viwili. Benki ya Dunia inakadiria kwamba katika Kongo watoto 97 kwa 100 wanafika miaka kumi bila kuweza kusoma na kuelewa hadisi fupi. Wengi wao wamekwisha kujaza kaye nyingi. Mzazi anayetaka kujua kama mtoto wake anasonga mbele, amuonyeshe neno ambalo hakulinakili shuleni, kwenye mfuko wa chumvi ao kwenye ukuta wa duka, amuombe alisome. Na mwalimu, kwa upande wake, awaite wazazi asubuhi moja wakae nyuma ya kalasi waangalie mchezo wa soko. Mama anayeuza vitunguu ataelewa mbele ya enspekta.

Kwa watoto wa Beni kuna sababu nyingine. Toka Oktoba 2014 mauaji ya raia yamerudi mara kwa mara katika eneo hilo. Familia zinahama toka vijijini kwenda Oicha, Beni, Butembo, zinarudi, zinahama tena. Mtoto anaingia katikati ya mwaka, bila kaye, wakati mwingine bila wazazi wote. Anaweza kukaa siku nyingi bila kusema neno, ao kushtuka mlango ukipigwa na upepo. Mchezo hauponyi maumivu hayo, na mwalimu si daktari. Lakini mchezo una kanuni na zamu, unaanza na kuisha kwa namna moja kila siku, na mtoto ambaye kwao hakuna kinachojulikana kesho anahitaji kitu cha namna hiyo. Mwalimu asimlazimishe, ampe kazi ya kushika vifuniko ao kuhesabu pointi, na amuache aingie mwenyewe. Tena awe macho na michezo ya bunduki na ya kukimbizana kwa kelele. Kwa mtoto wa mjini ni kicheko. Kwa yule aliyepita porini usiku inaweza kuwa kitu kingine. Akiendelea kutosema, ao kutolala, ahitaji mtu wa afya, na familia ielezwe hivyo waziwazi.

Magonjwa nayo yamebadilisha michezo. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, ikapita Beni, Butembo na Katwa, iliisha tarehe 25 Juni 2020 ikiwa imeua watu zaidi ya 2.200. Ilirudi Butembo Februari 2021, na Beni Oktoba ya mwaka uleule. Michezo ya kushikana mikono iliachwa, ile ya sauti, ya miraba na ya vitendawili ikabaki, na ndoo ya maji ya kunawa ikawekwa mlangoni. Desturi hiyo inafaa kubaki hata bila ugonjwa, maana vifuniko na mawe vinapita katika mikono ya kalasi nzima. Vioshwe kwa maji na sabuni kila Ijumaa. Watoto wanaweza kufanya kazi hiyo huku wakivihesabu.

Neno la mwisho ni juu ya vifaa, na wazazi walisikilize vizuri. Mwalimu akisema kila mmoja alete vitu kumi vya kuhesabia, aseme wazi ni vitu gani na vinatoka wapi. Eneo letu limepiganiwa miaka mingi, na risasi, grenadi na mabomu ambayo hayakulipuka yanabaki mashambani na kando ya njia. Kwa macho ya mtoto wa miaka sita, kile ni chuma kizuri kinachong'aa. Mtoto alete vitu vya nyumbani tu: vifuniko, mahindi makavu, vijiti vilivyokatwa na mtu mkubwa. Hakuna kuokota porini, shambani ao karibu na kambi ya askari. Akiona chuma asichokijua, asikiguse, asikitupie jiwe, arudi kwa njia aliyokuja nayo na amwambie mtu mkubwa, naye ajulishe mkubwa wa mtaa ao viongozi wa usalama. Shule inaweza kufundisha hilo pia kwa mchezo: mwalimu anataja kitu, watoto wanasimama kama kinaokotwa, wanarudi nyuma hatua tatu kama hakiguswi. Maragi yanafaa kuhesabia, lakini nyumba nyingi haziwezi kuyatoa, maana ni chakula. Mawe madogo ya kiwanjani, yaliyookotwa na mwalimu mwenyewe, yanatosha.