Makao ya Seli Shina: Hoja ya Mwaka 1978 na Ushahidi wa Nzi wa Matunda

Historia ya nzi wa matunda maabarani kwa kawaida huanzia kwa Thomas Hunt Morgan, aliyempata nzi mwenye macho meupe katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1910. Mazoea hayo yana sababu zake, lakini humfanya nzi aonekane chombo cha kuchunguzia urithi tu. Insha hii inaanzia kwingine, kwenye uboho wa panya.

Mwaka 1978, Raymond Schofield wa Manchester alikabiliwa na utata. Seli shina za damu zilizotoka katika uboho ziliweza kujenga upya damu ya panya aliyepigwa mionzi. Zile zilizotoka katika bandama, ingawa zilidhaniwa kuwa za namna moja nazo, zilichoka mapema. Schofield alipendekeza kwamba seli shina hudumu kuwa shina kwa sababu ya mahali ilipo na majirani wanaoizunguka. Ikiondoka hapo, hukomaa. Hoja ilikuwa nzito, ila ushahidi haukupatikana. Ndani ya uboho seli hizo ni chache mno na zimechanganyika na nyingine, hata mtafiti hakuweza kunyooshea kidole seli moja na kumtaja jirani yake.

Ovari ya nzi haina kificho hicho. Kila ovari ina vijirija kama 16, na katika ncha ya kila kijirija mna seli shina mbili au tatu zilizoshikamana na seli chache za kofia. Seli shina inapogawanyika, seli binti moja hubaki imeshika kofia. Ya pili husogea mbali, ikajigawa mara nne hadi kufikia seli 16, na moja tu kati ya hizo huwa yai. Hatua zote hizo huonekana kwa hadubini, zikiwa zimepangana kwa mfuatano.

Mwaka 1998, Ting Xie na Allan Spradling, wa Taasisi ya Carnegie mjini Baltimore, walionyesha kwamba protini iitwayo Dpp ndiyo inayozihifadhi seli hizo. Ilipozidishwa, zilirundikana bila kukomaa. Uwezo wa kuipokea ulipoondolewa, zilitoweka. Mwaka 2000 waliongeza kwamba nafasi ya seli shina iliyopotea hujazwa na binti wa seli jirani. Kwa maoni yangu, matokeo haya ya pili ndiyo yenye uzito zaidi: mkaaji aliondoka, makao yakabaki, na mgeni aliyeingia akawa shina. Kuanzia hapo, neno la Schofield halikuwa tena sitiari.

Dpp ni ya ukoo wa protini za BMP, ambazo panya na binadamu wanazo pia. Mwaka 2003, makundi mawili ya watafiti yalitangaza kwamba katika panya seli zinazojenga mfupa ndizo zinazotawala idadi ya seli shina za damu. Kundi mojawapo lilifikia hapo kwa kukiondoa kipokezi cha BMP.