Kutu na Ukingaji wa Chuma katika Malori ya Kukokota Matela: Makambako na Njombe tangu 1965

Historia ya uchukuzi katika Nyanda za Juu Kusini imeandikwa zaidi kwa kufuata barabara, reli na shehena. Chuma kilichobeba shehena hiyo kimepewa nafasi ndogo. Hoja ya insha hii ni kwamba kutu ya malori ya kukokota matela haikusababishwa na mvua peke yake. Kila awamu ya uchukuzi iliongeza chanzo chake cha kutu, na kinga iliyozoeleka katika awamu iliyotangulia haikutosheleza awamu iliyofuata.

Awamu ya kwanza ilianza baada ya walowezi wa Rhodesia Kusini kujitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965. Zambia ililazimika kupitishia mafuta na shaba yake Dar es Salaam, na malori yenye matela yakapita Makambako kwa barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Changarawe zilichubua rangi chini ya gari, na tope lililogandamana kwenye chesisi lilihifadhi unyevu hata mvua ilipokatika. Kinga rahisi katika mazingira hayo ni kupaka oili chafu. Oili hufukuza maji kwa muda, lakini hunasa vumbi, huoshwa na mvua na huharibu mipira ya breki.

Awamu ya pili ililetwa na lami. Barabara kuu ya kwenda Tunduma iliwekwa lami, reli ya TAZARA, iliyojengwa kuanzia 1970, ikaifanya Makambako kuwa stesheni, na katika miaka ya 1980 lami ikafika Songea kupitia Njombe. Tope lilipungua, lakini shehena ilibadilika: mbolea ya chumvichumvi ilipelekwa kusini, na mahindi yakarudi kaskazini. Vumbi la mbolea hiyo likikutana na ukungu wa Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hufanya maji ya chumvi yanayokula chuma upesi kuliko maji ya mvua. Dhidi ya chumvi, oili chafu ni kinga dhaifu. Panahitajika kuosha kwanza.

Awamu ya tatu ilifuata kulegezwa kwa masharti ya biashara ya nje katikati ya miaka ya 1980, baada ya uhaba mkubwa wa fedha za kigeni. Miongoni mwa malori yaliyotumika yaliyoingizwa nchini yalikuwamo yaliyotoka Ulaya, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Kutu ya namna hiyo hujificha baina ya mabamba ya chesisi na pale sahani ya kuunganishia tela inapofungwa. Kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, husukuma mabamba yaachane na kulegeza riveti. Lami ya kukinga ikipakwa juu yake bila kukwangua kwa brashi ya waya, kuosha na kukausha, huufungia unyevu ndani na kuuficha ubovu.

Hapo ndipo suala hili linapogusa uhai wa watu. Mizani ya Makambako hupima uzito, na Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari na tela lake. Lakini mizani haipimi unene wa chuma kilichosalia. Lori linaweza kutii sheria ya uzito huku kiungo chake kikiwa kimepoteza sehemu ya nguvu kilichoundwa nayo. Tela linapochomoka mteremkoni, ni rahisi lawama kumwangukia dereva na mwendo wake.

Kwa hiyo, mtafiti wa ajali katika njia hii hana budi kuuliza pia lori lilitoka wapi, lilibeba nini na chini yake palisafishwa lini. Rangi mpya haijibu lolote kati ya maswali hayo.