Kabla ya Kisu Kulifikia Ini

Kabla ya daraja la mto Kilombero kuzinduliwa mwaka 2018, mgonjwa wa Mahenge alisubiri pantoni ndipo afike Hospitali ya Mtakatifu Francis, Ifakara. Mji huo una historia nzito ya tiba. Mwaka 1957 Mswisi Rudolf Geigy alifungua maabara pale, na utafiti wa malaria ukalitangaza jina la Ifakara duniani.

Saratani ya ini haikupata sifa hiyo. Huanza kimya. Tumbo linapojaa maji na macho kugeuka manjano, mara nyingi uvimbe umekwisha kutanda na mpasuaji hana pa kupitisha kisu.

Je, ukisinyazwa kwanza? Afrika Mashariki ilijaribu dawa mapema. Mwaka 1975, kutoka Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoko Mulago, Charles Olweny na wenzake, akiwemo mpasuaji Sebastian Kyalwazi, walitangaza kwamba dawa ya Adriamycin iliwapunguzia wagonjwa uvimbe wa ini. Majaribio yaliyofuata kwingineko yalileta matokeo hafifu zaidi, lakini dawa ile haikutupwa.

Wajapani waliipatia njia nyingine. Ini lenyewe hupata damu nyingi kutoka mshipa unaotoka matumboni, ilhali uvimbe hunyonya ateri. Basi daktari hupitisha mrija mwembamba kuanzia kwenye paja, akamimina dawa kwenye ateri hiyo, kisha akaiziba. Uvimbe hukosa chakula huku ukilowa sumu. Ukipungua vya kutosha, na ini lililobaki likiwa zima, baadhi ya wagonjwa waliokuwa wamekataliwa upasuaji hupasuliwa. Ufundi wa mirija ya aina hii ulianza kufundishwa Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2018, na hiyo ni hatua ya kushangilia.

Hata hivyo, kutoka Ifakara hadi Dar es Salaam ni safari ndefu kwa mtu aliyedhoofika. Kwa wakulima wa bonde la Kilombero, kinga ina uzito zaidi kuliko mrija. Chanzo kikubwa cha saratani hii ni virusi vya homa ya ini B. Sumukuvu ya mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa mbichi huzidisha hatari. Tanzania iliingiza chanjo ya homa hiyo kwa watoto wachanga mwaka 2002.

Aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata utotoni. Ndugu msomaji, kama ni wewe, nenda ukapimwe homa hiyo.