Hati ya safari ya mkimbizi ilitoka wapi?

Wandugu, kati yetu kuna mwanafunzi wa sekondari hapa Dzaleka ambaye ameshapanga maisha: awe mkalimani wa mikutano, leo Geneva, kesho Addis Ababa. Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza na Chichewa anavyo tayari. Watu wanamuuliza tu, mpaka utavuka na nini?

Mwaka 1922 Fridtjof Nansen, Mnorwe aliyesimamia mambo ya wakimbizi katika Shirikisho la Mataifa, alianzisha cheti cha safari kwa Warusi waliobaki bila nchi. Hata mwanamuziki Stravinsky alikuwa nacho. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ukaendeleza: kifungu cha 28 kinasema mkimbizi anayekaa nchini kihalali apewe hati ya kusafiria nje.

Malawi iliingia mkataba huo 1987, ila kwa masharti. Kwenye kifungu cha 26 ilijiwekea haki ya kumpangia mkimbizi pa kukaa na kuzuia mizunguko yake. Cha 28 haikukigusa. Yaani kwenye karatasi, safari ya Geneva ina nguvu kuliko kupanga chumba Area 47, Lilongwe! Tulicheka, lakini 2023 serikali ilipoamuru wakimbizi wa mijini warudi kambini, kicheko kiliisha.

Kwa mkalimani, kutoka ni nusu ya kazi, lazima arudi. Nyongeza ya mkataba, aya ya 13, inaitaka nchi iliyotoa hati impokee tena mwenye hati wakati bado haijaisha muda. Ndiyo maana hati tunamfuatilia kwanza, chuo baadaye.