Mwenyeji Wako ni Nani? Safari Fupi za Meli na Hesabu ya Uaminifu

Siku hizi kina mama wakikaa pamoja, yakishapita ya harusi na bei ya vitunguu, huja hili la safari fupi za meli: siku tatu au nne baharini, chumba na chakula ndani ya nauli moja, na mtu harudishi sahani jikoni. Jamaa zetu walioko Uingereza, Canada na Ghuba wanatuma picha, na baada ya picha wanatutajia kadi. Mmoja yuko daraja la dhahabu, mwengine platinamu, mwengine anaitafuta almasi. Kadri unavyosafiri na kampuni ile ile ndivyo inavyokupandisha na kukuzidishia zawadi.

Suali tunaloulizwa ni kama jambo hili lina thamani. Tungeweza kulijibu kwa kulinganisha bei tukamaliza. Lakini sisi ni watu wa visiwani, na kumtunza msafiri anayerudi tena na tena si jambo lililoanza na kadi za plastiki. Bahari yetu inalijua tangu zamani, basi tuanzie huko.

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri na mwanasheria kutoka Tangier, alishuka pwani yetu kwa jahazi. Alipofika Mogadishu aliona desturi iliyomshangaza. Chombo kikitia nanga, vijana wa mji walikifuata kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimwendea mfanyabiashara mmojawapo, akamkabidhi chakula na kutangaza kuwa huyu ni mgeni wake. Mfanyabiashara alipoteremka hakwenda popote ila nyumbani kwa mwenyeji huyo. Waliosamehewa sharti hilo ni wale waliokwishafika mara nyingi na kujuana na wenyeji. Hao waliruhusiwa kufikia watakapo.

Hebu tulitazame hilo vizuri. Karibu miaka mia saba iliyopita, msafiri wa mara kwa mara alikuwa na daraja lake, na daraja hilo lilikuwa na faida inayojulikana. Hakukuwa na kadi, kulikuwa na kujulikana.

Wala ukarimu huo haukuishia kwenye wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na maembe, vyakula ambavyo Ibn Battuta mwenyewe alivitaja. Mwenyeji ndiye aliyemuuzia mgeni bidhaa zake na kumnunulia alichohitaji. Mtu akimpunja mgeni kwa bei ya chini mno, au akifanya naye biashara bila mwenyeji kuwepo, watu wa mji waliihesabu biashara hiyo kuwa batili. Kwa hiyo zawadi kubwa ya mgeni ilikuwa ulinzi: aliyekula chakula cha mwenyeji alikuwa na mtu wa kumtetea sokoni. Mwenyeji naye alipata faida yake, na hakuna aliyeona haya kulisema. Wahenga wetu wamelifupisha: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kutoka huko Ibn Battuta alikuja Mombasa, akalala usiku mmoja tu kabla ya kuelekea Kilwa. Usiku huo mmoja ulimtosha kuandika kuwa watu wa Mombasa ni wacha Mungu, misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na wanaosha miguu kabla ya kuingia. Maneno hayo machache bado yanasomwa leo. Anayesema safari fupi haina maana kwa sababu hukai muda wa kutosha, mkumbusheni usiku wa Mombasa. Inategemea ulikwenda kutazama nini.

Hata hivyo, safari fupi kwa maana ya leo isingewezekana wakati wa tanga. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalishuka na upepo wa kaskazi na kurudi na kusi, kwa hiyo msafiri alikaa pwani miezi akingoja upepo ugeuke. Katika kungoja huko alioa, alizaa, alifanya deni na alilipa. Uaminifu ulijengeka kwa sababu watu walikuwa na muda wa kuchunguzana.

Mvuke ukaibadilisha hesabu. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869. Mwaka 1872 kampuni ya British India ilianza kuleta meli za barua Unguja kutoka Aden kila mwezi. Mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, kimbunga kikubwa kilikipiga kisiwa na kuangamiza merikebu za Sayyid Barghash. Baadaye akajipatia meli za mvuke, na iliyosifika kuliko zote ilikuwa Glasgow, iliyoundwa Scotland 1878. Meli hiyo ilizamishwa bandarini mwetu tarehe 27 Agosti 1896, siku Waingereza walipoipiga mizinga Unguja. Lakini ratiba ya mvuke ilibaki. Kuanzia hapo abiria hakusubiri upepo, alisubiri tarehe.

Ulaya nako meli zilizofuata tarehe zilizaa jambo jipya. Mwaka 1844 kampuni ya P&O ilitaka watu wasafiri kutembea tu, si kwa kazi wala kuhama. Ikampa mwandishi Thackeray safari ya bure ya Bahari ya Kati hadi Misri, naye akaandika kitabu kilichotoka 1846. Kwa hiyo wale wanaopewa safari za bure leo ili waweke picha mtandaoni wana babu yao. Mwaka 1891 Albert Ballin wa Hamburg alikuwa na tatizo jengine. Abiria wa Marekani walipungua wakati wa baridi, na meli yake kubwa ya Augusta Victoria ingekaa bure. Januari akaipeleka Bahari ya Kati na watalii. Watu walimcheka, lakini alifanikiwa, na safari za starehe zikashika mizizi.

Hapo pana siri ambayo kila mwanamke anayeshika pesa za nyumba anafaa kuijua. Safari ya starehe ilikuzwa na hofu ya meli tupu. Chumba kikiondoka bila mtu, pesa yake haipatikani tena, kama samaki aliyelala sokoni bila barafu. Ndiyo maana kampuni hutoa zawadi, hupunguza bei dakika za mwisho, na hupenda mteja anayerudi bila kutafutwa. Hakuna ubaya katika hilo, ila tujue ni biashara.

Sisi wenyewe tumeishuhudia meli moja ikigeuka hivyo. SS Uganda iliundwa 1952 kwa njia ya London na Afrika Mashariki, na bandari zake zilikuwa pamoja na Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Ndege zikawachukua abiria wake. Kufikia 1968 ilikuwa imegeuzwa kuwa meli ya wanafunzi, ikiwatembeza watoto wa Uingereza bandari kwa bandari huku wakisoma. Jina lilibaki la Afrika Mashariki, lakini safari haikuwa tena ya kwenda mahali. Safari yenyewe ndiyo iliyouzwa.

Sasa tuje kwenye kadi. Tuchukue mfano wa Royal Caribbean, ambayo utaratibu wake unajulikana sana. Usiku mmoja katika chumba cha kawaida ni alama moja. Alama tatu zinakuingiza dhahabu, kwa hiyo safari moja ya siku tatu inatosha. Platinamu ni alama 30, zumaridi 55, almasi 80, na daraja la juu kabisa ni 700. Fanyeni hesabu wenyewe. Kwa safari za usiku tatu tatu, almasi inataka safari 27. Mtu akienda mara mbili kwa mwaka, ni zaidi ya miaka kumi na tatu. Daraja la juu ni safari 234, na hapo tutamuombea tu umri mrefu.

Mlango wa kwanza umewekwa chini makusudi ili uonje. Ngazi zinazofuata zimewekwa mbali ili usihame. Miongoni mwa zawadi zinazosifiwa sana za madaraja ya juu ni vinywaji. Kwa msafiri Muislamu, au yeyote asiyetumia kileo, sehemu ya thamani hiyo imeshapotea kabla hajapanda. Kinachotufaa sisi ni vitu vya kawaida: nauli iliyopungua, kupanda bila foleni ukiwa na watoto na wazee, chumba chenye utulivu wa kusali. Tuhesabu zawadi ambazo tungezinunua hata kama zisingekuwa zawadi. Nyengine ni mapambo.

Ili tuipime thamani kwa haki, tutoke pwani kidogo twende bara, Basotu, mkoani Manyara, kaskazini magharibi ya Katesh. Basotu ina ziwa lake la maji baridi, lenye samaki na viboko, lakini ni ziwa la mitumbwi ya wavuvi. Mwanamke wa Basotu anayekuja Unguja kumtazama binti yake aliyeolewa huku anapanda gari hadi Katesh, halafu basi la kwenda Dar es Salaam, na mwili unafika umechoka. Mbele yake inabaki boti ya saa mbili hivi. Kwake yeye saa mbili hizo ni safari ya bahari kamili: upepo usoni, miguu imenyooka, chai mkononi, na minara ya Mji Mkongwe inatokea polepole. Hana kadi yoyote. Sisi tunaoipanda boti hiyo kila mwezi huku tukilalamikia kiti tungefaa kumuazima macho yake.

Basotu inatufundisha na jengine. Wafugaji wa huko, Wabarbaig na Wairaqw, wanayo desturi ya kuwekeana ng'ombe. Unampa rafiki ng'ombe akutunzie, yeye anakunywa maziwa, na ukame au maradhi yakikupiga upande mmoja, mifugo yako ya upande mwengine inakubakisha mtu. Huo nao ni uaminifu wenye faida pande zote mbili, kama ule wa vijana wa Mogadishu. Lakini mnamo miaka ya 1970 yalikuja mashamba makubwa ya ngano ya serikali, kwa msaada wa Canada, yakachukua makumi ya maelfu ya ekari za malisho bora ya Wabarbaig. Kesi zilifika mahakamani. Mgeni alikuja na zawadi nyingi, trekta, barabara na unga, lakini hesabu ya nani anapata nini ilikuwa imeandikwa upande mmoja. Zawadi inayopangwa bila anayepewa kuulizwa inafaa kuchunguzwa, iwe shamba au kadi.

Turudi baharini, kwenye jambo zito kuliko yote. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria, karibu na Mwanza. Tarehe 10 Septemba 2011, muda mfupi baada ya Idd-el-Fitri, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imebeba watu wengi kupita kiasi ilichoruhusiwa. Tarehe 18 Julai 2012 ikafuata MV Skagit, ikitoka Dar es Salaam. Hakuna nyumba ya Unguja na Pemba isiyojua mtu aliyeondoka katika siku hizo. Mwenyezi Mungu awarehemu wote na awape subira waliobaki.

Tunawataja kwa sababu hapo ndipo neno uaminifu linapopata uzito wake. Abiria anampa mwenye chombo roho yake na za wanawe. Malipo ya kwanza anayostahili si kinywaji wala kiti cha ngozi. Ni mlango wa chombo kufungwa idadi ikitimia, hata kama nauli nyengine zinabaki gatini. Ni maboya ya kutosha, na nahodha anayethubutu kusema leo bahari haifai. Mwenyeji wa Mogadishu alimlinda mgeni asipunjwe sokoni. Mwenye chombo anayetuita wateja wake wapenzi anadaiwa zaidi ya hapo.

Na sisi abiria tunalo letu. Kuzoea chombo kimoja ni kuzuri, unawajua watu wake na wao wanakujua. Lakini mazoea yasitufunge macho. Ukifika gatini ukaona chombo kimejaa, rudi nyumbani na tiketi yako mkononi. Hakuna alama zinazofidia hilo, na hakuna harusi isiyoweza kungoja boti ya kesho.

Kwa hiyo, wapenzi wetu, jibu letu ni hili. Safari fupi ya meli ina thamani, na kama uwezo upo, mpelekeni mama, pumzikeni, angalieni bahari bila kupika. Ulizeni mapema juu ya chakula cha halali na mkumbuke kibla kinageuka meli inapogeuka. Kadi ikija pokeeni, haiombi chakula. Ila msiongeze safari kwa ajili ya kadi, wala msichague chombo kwa sababu ya daraja lenu humo. Chagueni kile ambacho, likitokea la kutokea, mna hakika kuna mtu ndani yake atakayesema, kama yule kijana wa Mogadishu kwenye mashua yake: huyu ni mgeni wangu.

Tuwatakie safari njema, na tusisahau dua ya kupanda chombo kabla ya kutoa simu kupiga picha.