Chanjo na usonji: uvumi unaowahi kufika Sekenke

Novemba 2025, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kiligeuza maelezo yake ya miaka mingi, kikadai kuwa kauli kwamba chanjo hazisababishi usonji haina ushahidi wa kutosha. Desemba, Shirika la Afya Duniani likajibu kuwa limepitia tafiti upya na halikuona uhusiano wowote. Habari kama hizo hufika Sekenke, wilayani Iramba, kwa simu siku hiyohiyo. Chanjo yenyewe huja taratibu, ndani ya kasha la barafu.

Chanzo cha hofu hii ni Februari 1998. Daktari Andrew Wakefield wa hospitali ya Royal Free, London, aliandika katika jarida la Lancet kuhusu watoto 12, akaihusisha chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela na usonji. Mwandishi Brian Deer alifukua, ikabainika kuwa Wakefield alikuwa akilipwa na mawakili wa kesi dhidi ya watengeneza chanjo. Mwaka 2010 Lancet iliifuta makala, naye akaondolewa kwenye orodha ya madaktari. Utafiti wa Denmaki wa 2019, wenye watoto zaidi ya 650,000, haukuona uhusiano.

Hapa kwetu ugomvi mkubwa wa chanjo ulikuwa wa Korona. Januari 27, 2021, akiwa Chato, Rais John Magufuli aliionya Wizara ya Afya isikimbilie chanjo za kigeni. Julai 28 mwaka huohuo, mrithi wake Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam, siku chache baada ya dozi zaidi ya milioni moja kuwasili. Ndipo wakagongana watu wawili wenye jina moja. Askofu Josephat Gwajima, wakati huo Mbunge wa Kawe, alitangaza madhabahuni kwamba hatachanjwa, akawazuia na waumini wake. Waziri wa Afya wa wakati huo, Dk. Dorothy Gwajima, akaagiza askofu akamatwe na kuhojiwa. Kamati ya Bunge ya Haki, Maadili na Madaraka ikamwita, na Agosti 31 Bunge likamsimamisha mikutano miwili. Nchi nzima ilifuatilia nani kamshinda nani. Adhabu ilimpata mbunge, lakini swali la mama anayeogopa sindano halikujibiwa na yeyote kati yao.

Na kwa mama anayeogopa usonji, swali hilo lina jibu. Mtoto wa Tanzania hupata surua-rubela akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Dalili za usonji nazo huonekana zaidi katika mwaka wa pili: mtoto haitiki jina lake, au anapoteza maneno aliyokuwa nayo. Mama akifungua kadi ya kliniki anakuta tarehe ya sindano jirani na tarehe ya huzuni yake. Ni rahisi kuziunganisha, na si haki kumcheka.

Muuguzi anayechanganya unga wa chanjo ana saa sita tu kabla ya kumwaga kilichobaki kwenye kichupa cha dozi 10. Foleni ikiwa ndefu, muda wa kumweleza mama hayo haupo. Wizara imwongezee msaidizi wa kuzungumza na wazazi, na hospitali za wilaya zipate mtu anayejua kumpima mtoto usonji, maana wataalamu hao wengi wako mijini.