KUTOKA KIKOMBE CHA PADRE MPAKA GLASI YA WASHKAJI: Mvinyo mwekundu ulivyofika Ziwa Nyasa

Agosti 1914, Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Enzi hizo Wajerumani walipaita Sphinxhafen, kwa sababu ya jiwe linalofanana na ile sanamu maarufu ya Misri. Meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, imevutwa nchi kavu inafanyiwa matengenezo. Ghafla inatokea meli ya Kiingereza, Gwendolen, na kuanza kupiga mizinga. Nahodha wa Kijerumani hana habari kwamba Ulaya vita imeshaanza. Anaingia kwenye kimtumbwi, anapiga kasia mpaka karibu, halafu, kwa jinsi inavyosimuliwa, anamuuliza mwenzie wa Kiingereza kama amelewa.

Swali lake lilikuwa na mantiki. Wale manahodha wawili walikuwa washkaji, watu wa kukutana na kunywa pamoja kila meli zao zilipokutana. Siku hiyo mmoja akageuka mfungwa wa mwenzie, na London wakashangilia ushindi wa majini ambao ulianza kama utani wa walevi.

Stori hii inachekesha na imeandikwa sana. Ila iangalie tena. Waliopo mezani ni wawili tu. Waliobeba mizigo, waliopakua makreti, waliochochea kuni kwenye boila la meli, hao hawamo. Majina yao hakuna anayeyataja. Na ukitaka kujua historia ya mvinyo mkoa wa Ruvuma, swali la kwanza ndiyo hilo: nani alikuwa anabeba, na nani alikuwa anakunywa?

ULANZI ULIKUWEPO KITAMBO

Tuelewane jambo moja kwanza. Watu wa huku hawakukaa na kiu wakisubiri chupa ya Mzungu. Nyanda za juu kusini zina ulanzi, maji ya mwanzi mchanga yanayokingwa msimu wa mvua na kuchachuka yenyewe. Asubuhi mtamu, jioni mkali, kesho yake ni habari nyingine. Kuna na komoni ya nafaka. Vinywaji hivi havikunywewa kwa kujificha chumbani. Vilikuwa vya kazi ya pamoja, harusi, msiba, na kusuluhisha ugomvi. Kibuyu kimoja, watu wengi, kinazunguka.

Sasa ukiwa na kinywaji kizuri kiasi hicho, kwa nini mtu ahangaike kuleta mvinyo kutoka ng'ambo?

Jibu lipo kanisani.

SHERIA MOJA ILIYOHAMISHA MZABIBU

Kanisa Katoliki lina sharti gumu: divai ya misa lazima itokane na zabibu. Si nanasi, si asali, si ulanzi hata uwe mtamu vipi. Waanglikana nao waliingia huku na divai ya zabibu. Kwa hiyo mmisionari alipofika mahali pasipo na mzabibu alikuwa na njia mbili tu: aagize mbali, au apande.

Wabenediktini walifungua misheni ya Peramiho mwaka 1898, kisha wakasogea upande wa Wamatengo, milima inayozunguka Mbinga ya leo. Reli haikuwepo. Mizigo ilitoka pwani kwa miguu, vichwani mwa wapagazi, mwendo wa wiki nyingi porini. Upande wa ziwani, Waanglikana wa UMCA walikuwa na makao yao kisiwani Likoma, na vitu vyao vilipita mto Zambezi na Shire kabla ya kupakiwa kwenye meli za mvuke. Moja ya meli hizo, Chauncy Maples, iliingia majini mwaka 1901 na ilikuwa kama kanisa linaloelea.

Mpagazi wa enzi hizo angeweza kubeba divai siku thelathini kichwani na asijue ladha yake mpaka anakufa. Hapa ndipo stori inapokuwa tamu, kwa sababu milimani na ufukweni mambo hayakuwa sawa.

Kwa Wakatoliki, waumini wa kawaida walipokea mkate tu. Kikombe kilikuwa cha padre. Utaratibu huo uliwekwa rasmi kwenye Mtaguso wa Constance mwaka 1415, na ulianza kulegezwa baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1962 hadi 1965. Kwa hiyo bibi Mmatengo aliyebatizwa miaka ya 1920 aliiona divai kila Jumapili, aliisikia harufu, na haikugusa ulimi wake.

Kwa Waanglikana wa ufukweni, kikombe kilifika kwa waumini. Mvuvi wa Liuli aliyepata kipaimara alipiga magoti, kikombe kikamfikia, akapata funda moja. Funda tu! Lakini alikuwa ameonja. Ziwa lile lile, Yesu yule yule, ila kwa mvinyo watu wa mlimani na watu wa ziwani walikuwa dunia mbili tofauti.

Ndiyo maana mpaka leo wazee wengi wakisikia neno "divai" wanafikiria altare, na wakisikia "waini" wanafikiria watu wa mjini wenye hela zao. Kinywaji ni kile kile. Kilichotofautiana ni ruhusa ya kukinywa.

CALIFORNIA NAYO ILIANZIA KANISANI

Shika hiyo sheria ya zabibu, halafu twende Marekani kidogo.

Watu wengi wakiona lebo ya California wanawaza mastaa wa Hollywood na majumba ya Napa. Ukweli ni kwamba mvinyo wa kule ulianza na shida ile ile ya Peramiho. Mwaka 1769 mapadre Wafransisko kutoka himaya ya Hispania walianza kujenga misheni pale San Diego, na hadi 1823 zikafika 21. Walihitaji divai ya misa, meli zilikuwa chache, wakapanda mizabibu. Aina waliyopanda inaitwa mpaka leo Mission. Waliolima na kukamua zabibu zile walikuwa wenyeji wa asili wa California, wengi wao wakishikiliwa misheni bila hiari. Nao majina yao hayapo kwenye lebo.

Dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1848, watu walimiminika na kiu ikamiminika nao. Mvinyo ukatoka kanisani ukaingia mtaani. Halafu likaja pigo: kuanzia 1920 hadi 1933 Marekani ilipiga marufuku pombe nchi nzima. Mashamba mengi yalikufa. Unajua yapi yaliyopona? Baadhi ni yale yaliyoruhusiwa kuendelea kutengeneza divai ya kanisa. Altare ikauokoa mvinyo mara ya pili.

Baada ya hapo California ilidharauliwa miaka mingi. Mvinyo wa kweli ni wa Ufaransa, ndivyo dunia ilivyosema. Mpaka tarehe 24 Mei 1976, Paris. Mfanyabiashara mmoja Mwingereza aliandaa mashindano: mvinyo mwekundu aina 10, sita za California na nne za Ufaransa, na majaji 9 Wafaransa wakionja bila kuona lebo. Alama zikajumlishwa. Wa kwanza? Cabernet Sauvignon ya 1973 ya Stag's Leap Wine Cellars, Napa, iliyotoka kwenye mizabibu iliyopandwa 1970 tu. Wafaransa wakachoka!

Funzo la pale si kwamba Wamarekani ni wakali kinoma. Funzo ni kwamba lebo ilipofunikwa, heshima ikagawanywa upya. Majaji walikuwa na ulimi ule ule wa siku zote. Kilichoondolewa ni jina.

NA SISI TUNA DODOMA

Turudi nyumbani. Mbinga ni milima, mvua nyingi na ukungu, ndiyo maana inatamba kwa kahawa ya arabika na siyo zabibu. Mzabibu unapenda ukavu, na hapo Tanzania ilikuwa na jibu lake: Dodoma. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu pale Bihawana. Sababu unaijua tayari. Ni ile ile ya San Diego ya 1769, ila Dodoma ilichelewa karibu miaka 190.

Baadaye zabibu zikatoka Bihawana zikaingia vijijini: Makutupora, Hombolo na kwingineko. Dodoma ina bahati ambayo Napa haina. Napa inavuna mara moja kwa mwaka, Dodoma inavuna mara mbili. Kuna aina inaitwa Makutupora Red, ni ya kwetu kabisa.

Kinachouma ni soko. Zabibu ikishaiva haisubiri mtu. Siku chache tu imeoza. Mkulima wa Dodoma asipopata kiwanda cha kununua kwa wakati, jasho la msimu mzima linamwagika, na hilo limetokea zaidi ya mara moja. Watu wa Mbinga wanamwelewa vizuri mkulima huyo, maana nao wamelima kahawa tangu miaka ya 1920, ikisafirishwa kunywewa Ulaya, wakati nyumbani kwa mkulima mwenyewe kikombe cha asubuhi kikiwa ni chai. Anayelima hanywi, anayekunywa halimi. Mpagazi wa 1898 angeitambua stori hii bila kuelezwa.

KAMA UNATAKA KUONJA NA WENZIO

Siku hizi mambo yamefunguka. Kutoka Mbinga kushuka Mbamba Bay ni lami, zaidi ya kilomita 60 za kona na mandhari si mchezo. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012 na ufukwe wake unaanza kuvuta vijana wa kula bata. Ukitaka kufanya kile ambacho mpagazi hakuruhusiwa, fanya kwa akili:

Changeni watu watano. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano za kawaida. Kila mtu moja, mnaongea, mnalinganisha. Hiyo ni kibuyu kile kile, kimebadilisha nguo tu.

Someni lebo. Ikiandikwa California, sheria ya jimbo lile inataka zabibu zote ziwe za California. Cabernet Sauvignon ni nzito na inakausha ulimi kama chai ya rangi iliyokolea, inakwenda na nyama choma. Zinfandel ina utamu wa matunda na ukali wa viungo. Wapimaji wa vinasaba waligundua kwamba asili yake ni Croatia, hata wakongwe wa California hawakujua. Pinot Noir ni nyepesi, huyo ndiye wa kukaa na samaki. Mbasa wa kuchoma na Pinot Noir, jaribu halafu uje useme.

Msishangae kama haina sukari. Wengi wetu tumezoea waini tamu za dukani, kwa hiyo funda la kwanza la Cabernet linaweza kukukunja uso. Mpe nafasi mpaka funda la tatu.

Joto la ufukweni ni adui. Mvinyo mwekundu ukipata moto unanuka pombe tupu. Weka kwenye friji nusu saa kabla ya kufungua.

Na fanyeni kama Paris 1976. Nunueni chupa moja ya California na moja ya Dodoma, zifungeni na gazeti, mmoja wenu amimine, wengine wapige kura. Mkifunua gazeti ndipo mtajua mlikuwa mnapenda ladha au mlikuwa mnapenda jina.

Ni kwa wenye miaka 18 kwenda juu, na anayeendesha kupandisha ile milima asiguse kabisa. Kona zile hazina msamaha.

MWISHO WA SIKU

Kuna watu watasema waini ni ya wazungu, na kijana wa Mbinga anayeshika glasi anajifanya. Wengine wanacheka ulanzi kwamba ni wa kishamba. Wote wamekosea kitu kimoja. Mvinyo haukuzaliwa na heshima kuliko ulanzi. Ulipewa heshima na sheria ya altare, ukabebwa na watu ambao hawakuruhusiwa kuuonja, na heshima hiyo ikashuka mtaani pamoja na bei yake.

Kwa hiyo ukiwa na glasi mkononi hujaiga mtu. Unakunywa kitu ambacho watu wa huku wamekilipia kwa shingo zao zaidi ya miaka mia moja. Kunywa taratibu, na mwenzio asikose.

Haya, wa Mbinga, Liuli, Lituhi na Mbamba Bay, tuambieni hapo chini: bibi au babu yako alikuwa upande gani, wa kikombe au wa mkate tu? Na mkifunika chupa na gazeti, Dodoma au California?